Jua Lisichwe Kabla Hujamlipa

Hotuba kwa mafundi, vibarua na wenye nyumba zinazojengwa, jijini Dodoma, Jumamosi ya kuelekea Mei Mosi

Bwana Yesu asifiwe. Tumsifu Yesu Kristo. Ndugu zangu Waislamu mliokuja kutusikiliza, Asalaam aleikum. Na wenyeji wetu wa Ugogo, mbukwenyi!

Nimeombwa niseme juu ya ujira katika Maandiko. Biblia ninayo hapa mezani, lakini sitaanza nayo. Nitaanzia saiti.

Ni Jumamosi, saa kumi na mbili jioni. Nyumba imefika kwenye lenta. Vibarua sita wameshanawa kwa maji ya pipa, yale ya kumwagilia tofali, ila saruji kwenye kucha imegoma kutoka. Nguo za kazi wamezikunja kwenye mfuko mtupu wa saruji, wamevaa za kuondokea. Wamekaa juu ya tofali, hakuna anayeongea. Fundi anapiga simu ya bosi. Haipatikani. Anapiga tena. Kando ya rundo la mchanga amekaa mama ntilie na daftari lake, maana wali maharage wa wiki nzima umeandikwa humo kwa majina ya hao sita. Naye anadaiwa mchele dukani, na mwenye duka ameshamwambia kwamba leo ndiyo mwisho. Simu moja imezimwa, na majiko mangapi hayatawaka usiku huu!

Mnaijua picha hiyo. Wengine mmekaa juu ya tofali zile. Wengine, na mimi nimo, tumewahi kuwa ile simu isiyopatikana.

Maandiko yanamjua mtu huyu anayesubiri. Yanamjua vizuri kuliko tunavyodhani. Na jambo lililonishangaza nilipoanza kuyasoma kwa makini ni hili: kuhusu ujira wa kibarua, Torati haianzi kwa kutaja kiasi. Inataja saa. Mambo ya Walawi, sura ya 19, mstari wa 13, unasema usimdhulumu jirani yako, usimnyang'anye, na ujira wa uliyemwajiri usilale kwako hata asubuhi. Makosa hayo yote matatu yamo ndani ya mstari mmoja. Kulaza ujira wa mtu kumewekwa bega kwa bega na kunyang'anya. Hatuambiwi "usikatae kumlipa". Huyu aliyelaza pesa huenda ana nia ya kulipa kesho, na bado mstari umemweka kwenye benchi moja na mnyang'anyi. Shukeni mistari mitano tu katika sura hiyohiyo, mtakuta yale maneno tunayoyaimba kila siku: mpende jirani yako kama nafsi yako. Tumeyaimba ya mstari wa 18 tukaruka wa 13.

Kumbukumbu la Torati 24, mstari wa 14 na wa 15, unarudia kwa upande wa pili wa siku. Usimwonee kibarua aliye maskini na mhitaji, awe ni ndugu yako au mgeni anayekaa katika nchi yako. Mpe ujira wake siku ileile, jua lisichwe kabla hujampa. Sikilizeni na lile neno "mgeni". Kwenye saiti zetu wapo vijana wa Singida, wa Kondoa, wa Kigoma, wapo waliotoka hata ng'ambo ya mpaka. Hawana mjomba hapa mjini wa kuwasemea. Torati imewataja.

Kisha Mungu anatoa sababu. Biblia yetu ya Kiswahili inasema moyo wake umeutumainia ujira huo. Kiebrania kinakwenda mbali zaidi: kinasema mtu huyu anainua nafsi yake kuuelekea ujira. Neno ni nefesh, yaani nafsi, uhai, pumzi ya mtu. Walimu wa Kiyahudi walilikamata neno hilo hawakuliachia. Katika Talmudi ya Babeli, mkusanyo mkubwa wa mafundisho yao, kitabu cha Baba Metsia, wanauliza: kwa nini mtu huyu alipanda ngazi, akaning'inia juu ya mti, akajiweka mdomoni mwa kifo? Si kwa ajili ya ujira wake? Na wakasema kwamba anayezuia ujira wa kibarua ni kama aliyemtwaa nafsi.

Ninapopita mjini nikawaona vijana wamesimama juu ya mirunda, ghorofa ya tatu, upepo wetu wa Dodoma unawapepea mashati, hawana mkanda, hawana kofia ngumu, swali hilo la Talmudi hunirudia. Mbona amepanda kule? Hakupanda kwa sababu anapenda kutazama mji. Ameiinua nafsi yake, kweli kweli, mita kumi kutoka ardhini. Sasa jioni ashuke aambiwe "njoo Jumatatu"?

Mishna, mkusanyo wa sheria za mapokeo uliokamilishwa Galilaya yapata mwaka 200 baada ya Kristo, inashuka mpaka kwenye utaratibu wenyewe. Aliyefanya kazi mchana, mwajiri ana usiku ule mmoja wa kumlipa. Aliyefanya kazi usiku, mwajiri ana mchana unaofuata. Hivyo Walawi anayesema "asubuhi" na Kumbukumbu anayesema "jua lisichwe" wakapatanishwa: kila mmoja ana zamu yake. Ukimwelekeza kibarua kwa mwenye duka au kwa mbadili fedha achukue huko, na makubaliano yapo, hujavunja amri. Leo tungesema umemtumia kwenye simu. Lakini kuna kipengele kingine pale ambacho, niseme wazi, hunikosesha raha: mwajiri hahesabiwi kuvunja amri mpaka kibarua awe amedai. Naelewa kisheria kwa nini kimewekwa. Ila ninawajua watu wetu. Mgogo mwenye adabu zake anaweza kuja mpaka kwenye mlango wako, akaamkia, akauliza hali ya watoto, akazungumzia mvua, akaaga, akaondoka bila kutaja hela. Amedai. Mwenye masikio amesikia. Mtakumbuka maneno haya nitakapofika mwisho.

Kipengele kinachofuata kinanifurahisha sana. Katika kesi ya kawaida ya madai, anayedaiwa akikana kabisa, mdai hana lake bila ushahidi. Kwa kibarua wakageuza. Akidai ndani ya muda wake, kibarua anaapa na kuchukua ujira wake. Kwa nini? Walimu wakasema: mwajiri ana shughuli nyingi na watu wengi, huenda amesahau amemlipa nani na nani bado. Kibarua hasahau. Ameiinua nafsi yake. Mwulize kijana aliyechanganya zege Jumanne ya wiki iliyopita anadai shilingi ngapi. Atakutajia hadi mia.

Na chakula je? Hapo kuna kisa ambacho ningependa kila mwenye nyumba akijue. Rabi Yohanan ben Matya alimwambia mwanawe: nenda katuajirie vibarua. Kijana akaenda, akapatana nao kwamba watalishwa. Aliporudi, baba yake akashtuka. Mwanangu, akamwambia, hata ukiwaandalia karamu kama ya Sulemani enzi zake, hujatimiza wajibu wako kwao, kwa maana hao ni wana wa Ibrahimu, Isaka na Yakobo. Kimbia, kabla hawajaanza kazi, ukawaambie kwamba makubaliano ni mkate na kunde tu. Mnaona huyo mzee? Hawaoni wabeba mizigo mbele yake. Anaona watoto wa wafalme, na neno "chakula" likitoka mdomoni kwa watu wa namna hiyo halina kipimo. Rabani Shimoni ben Gamalieli akamtuliza: hakuna haja ya kukimbia, mambo hayo hufuata desturi ya mahali. Na mahali hapa, Dodoma, desturi inajulikana. Kuna chai ya saa nne. Kuna ugali wa mchana, na mlenda ukiwepo tunashukuru. Anayewanyima watu chai ya saa nne kwa sababu "hatukuandikiana" amekwenda kinyume cha desturi ya mahali, na Mishna inamhukumu.

Torati yenyewe ilishasema usimfunge kinywa ng'ombe apurapo nafaka. Mtume Paulo alipomwandikia Timotheo aliufunga mstari huo pamoja na neno la Bwana: mtenda kazi astahili ujira wake. Kwetu wafugaji haihitaji mahubiri. Ng'ombe anayekulimia humfungi mdomo.

Sasa twende kwenye shamba la mizabibu, maana Mungu ametupa upendeleo. Yapo makanisa mengi duniani ambako mchungaji anayehubiri Mathayo 20 hajawahi kugusa mzabibu. Sisi tuko Dodoma. Hombolo, Mpunguzi, Bihawana, zabibu zipo, na tunavuna mara mbili kwa mwaka. Upendeleo wa pili ni lugha yetu. Mwenye shamba alitoka alfajiri, akatoka tena saa tatu, akatoka saa sita na saa tisa, na mwisho saa kumi na moja. Mzungu akisoma saa hizo lazima aelezwe kwamba siku ilihesabiwa tangu jua kuchomoza. Mswahili haelezwi. Saa kumi na moja ni saa kumi na moja. Jua limelala upande wa Singida, kivuli cha mtu kimekuwa kirefu kuliko mtu, na bado kuna watu wamesimama kijiweni.

Kwa nini mmesimama hapa mchana kutwa bila kazi? Wakamwambia, kwa kuwa hakuna mtu aliyetuajiri. Ningeweza kukaa juu ya jibu hilo mpaka usiku. Wanaosimama barabarani kwetu na beleshi na karai tunawapita ndani ya magari tukisema vijana wa siku hizi wavivu. Ndilo neno la Farao hilohilo, Kutoka sura ya 5. Amewanyima watu majani ya kufyatulia matofali, hesabu ya matofali ameiacha ileile, kisha anawaambia: wavivu ninyi, wavivu. Mwenye shamba wa Yesu aliuliza kwanza. Alipojibiwa, aliamini.

Walilipwa lini? Mathayo anasema: kulipokuchwa. Jioni. Akamwambia msimamizi wake awaite wenye kazi awape ujira wao. Yesu alikuwa Myahudi, na wasikilizaji wake Wayahudi; hakuhitaji kueleza kwa nini malipo ni jioni. Torati ilishasema. Kila mmoja akapata dinari, malipo ya kutwa, hata yule wa saa moja, kwa sababu watoto wa yule wa saa moja hawali robo ya ugali.

Hapo naomba niweke neno kali kidogo. Nimesikia waajiri wakinukuu mfano huu wakati wa kupunja. "Je, si halali yangu kutumia vilivyo vyangu nipendavyo?" Mwenye shamba alitamka maneno hayo akiwa ameongeza. Aliyepatana naye dinari alipewa dinari kamili, haikupungua hata senti. Anayetumia kinywa cha mtu huyo kukata malipo ameiba na mfano pia.

Kupunja kuna baba yake katika Biblia, anaitwa Labani. Alimkaribisha Yakobo kwa maneno matamu: kwa kuwa wewe ni ndugu yangu, je, unitumikie bure? Niambie ujira wako. Miaka 20 baadaye Yakobo anawaambia wake zake: baba yenu amenidanganya, amebadili ujira wangu mara kumi. Na Labani mwenyewe anamwambia: mchana jua lilinila, usiku baridi, usingizi ukanitoka, na mnyama akiraruliwa porini hasara ilikuwa yangu. Waliochunga hapa wanajua anachosema. Lakini leo nawaza zaidi juu ya binti wa kazi. Tunamchukua kijijini akiwa na miaka 15 au 16, tunamwambia mama yake "atakuwa kama mwanangu". Undugu huo unaonekana siku ya mshahara, kwamba ndugu hadai, na hauonekani siku ya kumpeleka shule. Anaamka wa kwanza, analala wa mwisho, na Jumapili ndiyo siku yenye kazi kuliko zote kwa sababu wageni wanakuja baada ya ibada. Amri ya Sabato katika Kumbukumbu 5 inamtaja mtumishi wako wa kike kwa jina la kazi yake: apumzike kama wewe. Kama wewe. Nawe ulikuwa mtumwa Misri.

Wakatoliki wenzangu mnacho kitabu cha Tobiti. Mzee Tobiti anamwajiri kijana amsindikize mwanawe safari ya mbali. Anataja malipo kabla ya safari: drakma moja kwa siku, na matumizi ya njiani kama ya mwanangu, na mkirudi salama nitakuongezea. Waliporudi, sherehe ya arusi ilipokwisha, mzee anamwita mwanawe: tumlipe mwenzako, na nyongeza yake. Mwana anasema, baba, tumpe nusu ya vyote alivyoleta. Ndipo kijana yule akajitambulisha kuwa ni malaika Rafaeli. Wamemwandalia malaika ujira wake bila kujua.

Yeremia nitampitia haraka, ingawa mji huu unamhitaji. Alimwambia Mfalme Yehoyakimu, ole wake ajengaye nyumba yake kwa uovu, amtumiaye mwenzake pasipo ujira. Mfalme alitaka vyumba vipana, madirisha makubwa, mbao za mierezi, rangi nyekundu. Nabii hakukataa nyumba. Alimkumbusha baba yake, Yosia: naye alikula na kunywa, lakini alitenda haki, akawaamulia maskini. Je, huko siko kunijua mimi? asema Bwana. Sisi tunajenga. Tangu uamuzi wa mwaka 1973 wa kuhamishia makao makuu hapa, na hasa tangu serikali ilipoanza kuhamia kwa kishindo mwaka 2016, kila upande unaogeuka kuna msingi: Mtumba, Ihumwa, Nzuguni, Iyumbu, Nala. Tunapiga rangi nzuri. Chini ya rangi kuna mikono ya nani, na ililipwa lini?

Nina kitu kimoja nataka mkione kwa macho ya mawazo. Mwaka 1960, pwani ya Israeli, karibu na Yavne, wachimbaji wa mambo ya kale walifukua ngome ndogo. Ndani yake wakapata vigae vya chungu vilivyoandikwa kwa wino. Ni maandishi ya karne ya saba kabla ya Kristo, miaka ya mwisho mwisho ya wafalme wa Yuda, karibu na siku za Yeremia. Kigae kimoja ni malalamiko ya mvunaji. Jina lake halimo. Anamwambia mkuu wa mahali: bwana wangu asikie neno la mtumishi wake. Mtumishi wako alikuwa akivuna, akapima, akaweka ghalani kama siku zote, kabla ya kupumzika. Nilipokwisha kupima, akaja Hoshayahu mwana wa Shobai, akachukua vazi langu. Na ndugu zangu wote waliokuwa wakivuna pamoja nami katika jua kali watanishuhudia kwamba sina hatia. Nirudishiwe vazi langu.

Ni hayo tu. Vazi. Kutoka sura ya 22 inasema ukichukua vazi la jirani yako rehani, umrudishie kabla jua halijachwa, maana ndilo la kujifunikia, atalala na nini? Mvunaji yule hakuomba upendeleo. Aliomba sheria ifuatwe.

Na sisi tunalo neno linaloweza kukibeba kigae kile. Tunasema kibarua. Kibarua ni barua ndogo, kile kikaratasi alichopewa mtu aliyefanya kazi ya kutwa, akionyeshe apate malipo. Karatasi ikampa mtu jina, mtu akaitwa kibarua. Basi yule mvunaji ni kibarua mara mbili: ni mtu wa kutwa, na kilichobaki kwake duniani ni barua ndogo, kigae chenye mistari 14, kinachodai. Yakobo katika waraka wake anasema ujira wa waliovuna mashamba yenu, ninyi mliouzuia kwa hila, unapiga kelele. Asema ujira wenyewe ndio unaopiga kelele. Kanisa Katoliki limeiweka dhuluma hiyo katika dhambi zinazolia mbinguni, pamoja na damu ya Habili, na Papa Leo wa 13 aliurudia mstari huo wa Yakobo mwaka 1891 alipoandika juu ya wafanyakazi wa viwandani. Kigae kile kimepiga kelele chini ya udongo zaidi ya miaka 2,500.

Kwenye saiti zetu vazi limebadilika. Siku hizi ni kitambulisho kinachoshikiliwa, au simu, au beleshi la mtu mwenyewe. "Umevunja karai, acha simu." Talmudi inalo hilo. Wabeba mizigo walimvunjia Rabba bar bar Hanani pipa la mvinyo. Akachukua mavazi yao. Wakaenda kumweleza Rav, mwalimu mkubwa. Rav akasema: warudishie mavazi. Akauliza, hiyo ndiyo sheria? Ndiyo, akajibiwa, kwa maana imeandikwa, uende katika njia ya watu wema. Akawarudishia. Wakasema: sisi ni maskini, tumefanya kazi mchana kutwa, tuna njaa, hatuna kitu. Rav akamwambia: nenda ukawape ujira wao. Hiyo nayo ndiyo sheria? Ndiyo, uyashike mapito ya wenye haki. Wamevunja pipa, na wamelipwa. Sisemi mkandarasi abebe kila hasara. Nasema mwalimu yule alipopima pipa na njaa ya watu waliofanya kazi kutwa, alijua ipi inalala na ipi hailali.

Sitaficha upande wenye giza. Walawi 25 inaruhusu kununua watumwa wa mataifa mengine. Waraka wa kwanza wa Petro unawaambia watumishi wawatii hata mabwana wakali. Njia ya misafara ya kutoka Tabora kwenda Bagamoyo ilipita hapahapa Ugogo, na watu walipita wamefungwa shingoni. Mtu wa hapa hawezi kuisoma mistari hiyo kwa sauti laini. Mimi siisomi hivyo. Ila Torati hiyohiyo, Kumbukumbu 23, inasema mtumwa aliyemkimbia bwana wake usimrudishe, akae kwako mahali apendapo. Na sura ya 15 inasema anayemaliza miaka yake sita asiondoke mikono mitupu. Mpe kwa ukarimu kutoka zizini, kutoka uwanja wa kupuria na kutoka shinikizoni. Sisi tunakiita kiinua mgongo, na ni jina zuri, maana mgongo ndio ulioinama.

Sheria ya nchi nayo ipo, na wengi hapa hawaijui. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki, na 9 kwa siku. Mshahara ulipwe siku iliyokubaliwa, mahali pa kazi, ndani ya saa za kazi. Usipolipwa, nenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na usikae: madai yasiyo ya kuachishwa kazi yana siku 60. Waislamu wanayo hadithi mashuhuri, mpeni kibarua ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Tunapokutana wote hapo, hakuna wa kujificha.

Mimi nilibeba zege nikiwa na miaka 17. Wiki tatu, karai begani, jengo bado lipo na simtaji mwenye kazi. Nilikwenda kwake mara sita. Mara ya saba sikwenda. Nadhani ndiyo hesabu aliyokuwa akiisubiri. Mama yangu hakuniuliza, aliona tu nimerudi mapema.

Mngedhani mtu wa namna hiyo hatasahau. Miaka minne iliyopita nilikuwa napiga lipu nyumba yangu. Fundi alimaliza sebule Ijumaa. Hela ilikuwa haijaingia, nikamwambia asubiri kidogo. Kidogo ikawa wiki mbili. Alikuja mara mbili. Aliamkia, akauliza hali ya watoto, akasema mvua zimechelewa mwaka huu, akaaga. Hakutaja hela, nami nikajifanya sijasikia. Hela ilipoingia nilimpigia, nikampa yote, nikaongeza kidogo, nikaona nimefanya vizuri. Nikamwambia sasa tuendelee na korido. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwalimu, pima maji niliiuza."

Aliiuza soko la Sabasaba, kwa bei ya kutupa, siku ya tisa. Katika Kumbukumbu 24, mistari michache kabla ya amri ya ujira, imeandikwa mtu asichukue jiwe la kusagia kuwa rehani, maana anachukua uhai wa mtu kuwa rehani. Neno pale ni lilelile, nefesh. Nimefundisha sura hiyo darasani miaka mingi.

Korido aliipiga. Alitafuta jiwe dogo uani, akalifunga kwenye kamba, akalining'iniza kutoka juu, akafumba jicho moja, akasubiri litulie. Nilisimama nyuma yake. Nabii Amosi alimwona Bwana amesimama karibu na ukuta, timazi mkononi mwake, na mimi kwa dakika ile sikuweza kusogea. Kamba ilipotulia, fundi alifumbua jicho, akachota lipu, akaanza kazi.